Miaka mitano ya ziada: kapteni wa miaka 61, rubani msaidizi aliyengoja, na orodha iliyosimama

Kisa hiki kilitokea katika shirika la ndege la ukubwa wa kati, lenye ndege za safari fupi na za safari ndefu. Jina la shirika, nchi, aina za ndege na viwanja vimeondolewa, na wahusika wawili wakuu wameridhia kiandikwe. Mimi niliingia baada ya tukio, nikiwa mpatanishi aliyekubaliwa na menejimenti na chama cha marubani. Nilisoma ripoti za wote wawili na kuzungumza na kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha.

Ninaandika kwa sababu nimechoka kusikia mabadiliko ya umri wa kustaafu wa marubani yakielezwa kama ugomvi wa wazee wasiotaka kutoka na vijana wasiotaka kungoja. Suala la zamu ya ukapteni lililoshindwa kutatuliwa ofisini lilipanda ndege, likakaa katikati ya watu wawili ambao kazi yao ni kuambiana ukweli bila kusita.

Usuli

Mkataba wa ajira ulisema rubani anastaafu akitimiza miaka 60. Kifungu hicho kiliandikwa zamani, wakati kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nayo ilimzuia aliyefikisha 60 kuwa kapteni katika safari za kibiashara za kimataifa. Novemba 2006 ICAO ilipandisha kikomo hadi 65 kwa ndege zenye marubani zaidi ya mmoja, kwa sharti kwamba kapteni akishavuka 60, mwenzake awe chini ya umri huo. Novemba 2014 sharti hilo la kuoanisha umri likaondolewa. Sheria ya nchi ilifuata hatua zote mbili. Mkataba wa shirika haukuguswa.

Haukuguswa kwa sababu haukumuumiza mtu yeyote mwenye sauti. Shirika liliwaaga watu wenye mishahara mikubwa, vijana wakapanda, na waliotoka na miaka 60 walilalamika mwaka wao wa mwisho tu. Baada ya hapo hawakuwa wanachama tena.

Msomaji asiye rubani anahitaji kuielewa orodha ya ukongwe, maana bila hiyo kisa chote kitaonekana kama wivu wa kawaida wa kazini. Rubani anapewa namba siku anayoajiriwa. Namba hiyo ndiyo inayoamua nani aingie kozi ya ukapteni kwanza, nani ahamie ndege kubwa, nani achague likizo mapema, nani apate safari za mchana na nani abaki na za usiku wa manane. Kazi zikipungua, wa mwisho kwenye orodha ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani. Orodha haijui bidii wala urafiki na bosi, na ndiyo maana marubani wengi wanaitetea kwa nguvu zote.

Lakini namba haihamishiki. Ukiacha shirika moja na kuajiriwa jingine, hata kama una maelfu ya saa angani, mara nyingi unaanza mkiani. Kwa hiyo rubani msaidizi wa miaka 38 mwenye miaka 11 kazini hana pa kwenda kudai thamani yake. Ana foleni moja, na foleni hiyo husogea mtu wa mbele akitoka.

Kwa mkataba wa 60, kila mtu aliweza kujipigia hesabu. Rubani msaidizi wa kisa hiki alinionyesha jedwali kwenye simu yake: namba za makapteni wote waliomtangulia, tarehe zao za kuzaliwa, na mwezi ambao kila mmoja angetimiza 60. Chini kabisa palikuwa na mwezi mmoja kwa herufi nzito, mwezi wa yeye kuingia kozi ya ukapteni. Mkopo wa nyumba aliuchukua akihesabia mwezi huo. Hakulificha jedwali lile wala hakulionea aibu. Karibu kila rubani msaidizi pale alikuwa na la kwake.

Kapteni naye alikuwa na hesabu zake. Mwaka 2020, safari zilipokatika duniani kote, alikubali kupunguziwa mshahara, na michango ya shirika kwenye mfuko wake wa pensheni ikasimamishwa. Pensheni ile ilitegemea sana mshahara wa miaka ya mwisho. Kustaafu akiwa na 60 kulimaanisha kuondoka na pengo ambalo hakulisababisha yeye. Mpaka siku ya tukio hakuna aliyekuwa amewakalisha watu hawa wawili wakasomeana hesabu zao.

Mfuatano wa matukio

Safari ziliporudi, zilirudi haraka kuliko uwezo wa kufundisha makapteni. Mashirika mengi, hili likiwamo, yalikuwa yamewapa wakongwe kiinua mgongo waondoke mapema. Upungufu ulipobana kwenye ndege kubwa, menejimenti iliukumbuka mkataba. Mwanasheria wao aliwatajia kesi ya Prigge na wenzake dhidi ya Lufthansa, ambayo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliiamua Septemba 2011. Mahakama iliona kuwa makubaliano ya kazi yanayomkomesha rubani akiwa na 60, wakati sheria inamruhusu kuruka hadi 65, ni ubaguzi wa umri. Shirika halikuwa chini ya mahakama hiyo, ila hoja ilitosha kuwapa ujasiri.

Barua ilitoka Ijumaa jioni, aya tatu. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi uliofuata, umri wa kustaafu ungekuwa 65, na aliyekwisha kutimiza 60 kabla ya siku hiyo asingerudi. Kuhusu orodha, kozi za ukapteni na zamu, hakuna neno hata moja.

Kapteni mmoja alikuwa ametimiza 60 siku tisa kabla ya tarehe hiyo. Aliandika kuomba afikiriwe, akajibiwa kwa mistari miwili. Wengine walijifariji kwamba hata Marekani, ilipopandisha umri kutoka 60 hadi 65 Desemba 2007, haikuwarudishia ukongwe wao waliokwisha kuvuka. Hilo ni kweli. Lakini kule kuna sheria iliyopita bungeni na kusainiwa na rais. Hapa ilikuwa barua ya shirika, na tarehe yake ingeweza kuwa yoyote.

Wikendi ile kila jedwali liliongezewa miaka mitano. Kwa miaka mitano mizima hakuna kapteni ambaye angetoka kwa sababu ya umri. Njia zilizobaki za kufungua kiti zilikuwa kuacha kazi, ugonjwa na kifo, na hapo ndipo maneno yalipoharibika. Kijana mmoja, kwenye chumba cha mapumziko, alisema wazi kwamba sasa kilichobaki ni kuombea vyeti vya afya vikataliwe. Kapteni aliyekuwa anajimiminia chai nyuma yake alisikia. Kwenye kundi la WhatsApp la makapteni ukazunguka ujumbe kwamba watoto hawa wamelelewa vibaya, sisi tulingoja miaka 15 na hatukulia.

Miezi michache baadaye ziliingia ripoti mbili za usalama kutoka kwa marubani wasaidizi, zote kuhusu makapteni waliovuka 60. Moja ilikuwa na uzito, nyingine ilikuwa jambo dogo. Makapteni walizisoma zote kama kampeni ya kuwatoa. Mkuu wa marubani akamwita mmoja wa walioandika "waongee kidogo". Tangu mazungumzo yale, ripoti za wasaidizi kuhusu makapteni zilikatika karibu kabisa. Menejimenti iliuona ukimya huo ikadhani utulivu umerudi.

Usiku wa tukio, wahusika wetu walikuwa kwenye safari ya kurudi. Kapteni, sasa ana miaka 61, ndiye aliyeendesha. Rubani msaidizi alifuatilia vipimo na kushika redio. Huko juu, ndege ikiwa imetulia, kapteni aliuliza, kwa nia njema kwa maelezo ya wote wawili: "Kozi yako ni lini, kijana wangu?" Akajibiwa: "Muulize aliyekalia kiti changu, mzee." Saa tatu zilizofuata waliongea maneno ya kazi tu.

Wakati wa kushuka, mwongozaji wa anga aliwaacha juu kuliko kawaida, kisha akawapa njia fupi ya kuingia. Ndege ikawa juu mno na yenye kasi mno. Rubani msaidizi alitaja kasi mara moja. "Naona," akajibu kapteni. Utaratibu wa shirika ni ule unaotumika sehemu nyingi: ikifika futi 1,000 juu ya uwanja na ndege haijatulia, yaani kasi, mteremko, magurudumu na flapsi (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) haviko mahali pake, anayefuatilia anatamka kughairi na anayeendesha anapaa bila mjadala. Futi 1,000 zikapita, kasi ikiwa juu ya kiwango na flapsi hazijafika mwisho. Rubani msaidizi hakusema. Alitamka kwenye futi 600 hivi. Kapteni alipaa papo hapo, wakazunguka, wakatua salama.

Kati ya futi 1,000 na 600, kwa mteremko ule, ni karibu nusu dakika. Data za ndege ziliionyesha hiyo nusu dakika, na ripoti zao zikaieleza. Rubani msaidizi aliandika kwamba alijua tangu mwanzo kuwa lazima waghairi, akanyamaza kwa sababu alijiuliza tamko lake litasomwaje kesho yake. Kapteni aliandika kwamba uchovu ulimshika tangu nusu ya safari. Zamani angemwambia mwenzake aendeshe yeye wakati wa kushuka. Safari hii hakutaka kumpa mtu neno la kusema kuhusu umri wake.

Sijaona mara nyingi ripoti mbili zenye ujasiri kama huo. Bila zile, tusingekuwa na kisa cha kujifunza. Tungekuwa na mstari mmoja kwenye jedwali la data.

Maamuzi na sababu zake

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa mkuu wa marubani: kila aliyevuka 60 apimwe kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, kila miezi mitatu. Tulilikataa baada ya majadiliano marefu. Marubani wote pale, wa umri wowote, walikuwa tayari wanapimwa kwenye simuleta kila miezi sita, na kwa kanuni za ICAO cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa kawaida hudumu miezi 12, hufupishwa kuwa miezi sita kwa aliyevuka 60. Tuliangalia pia miteremko isiyotulia ya mwaka uliotangulia. Haikuelekea upande wowote wa umri, ingawa idadi yenyewe ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote. Hoja iliyonishawishi zaidi ilikuwa nyingine: katika nusu dakika ile, aliyetakiwa kusema alikuwa na miaka 38. Kumpima mzee mara nyingi zaidi kusingemfungua kijana mdomo.

Vijana nao walitaka sharti la kuoanisha lirudi. Sharti lile lilihusu hofu ya kapteni kuzidiwa ghafla angani. Katika shirika hili wasaidizi karibu wote walikuwa chini ya 60, kwa hiyo lisingebadilisha kitu isipokuwa kuwabandika wakongwe alama. Likaachwa. Makapteni wachache walileta ombi la kufikisha 67, wakitaja mjadala uliofika Bunge la Marekani mwaka 2023 na kuishia, Mei 2024, kwa sheria iliyobakiza 65. Jibu lilikuwa fupi. Nchi inaweza kukuruhusu nyumbani, lakini nchi nyingine zinaweza kukukatalia anga zao. Christie, rubani wa Qantas, alikutana na ukuta huo mwaka 1998 kwenye Mahakama Kuu ya Australia: kikomo cha kimataifa wakati huo kilikuwa 60, nchi zilizokuwa tayari kumpokea zilikuwa chache, na mfumo wa kugawana safari haukuweza kumbeba mtu wa njia chache namna hiyo.

Uamuzi uliopita haraka ni kutenganisha ripoti za usalama na uongozi wa kila siku. Ripoti zingekwenda ofisi ya usalama peke yake, majina yangeondolewa, na mkuu wa marubani asingeweza kumwita mwandishi. Alipinga mwanzoni, akasema anavuliwa kazi yake. Alikubali alipoonyeshwa mwezi ambao ripoti zilikatika na tarehe ya yale mazungumzo yake.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa pesa. Tulianza kwa kuweka mezani yale majedwali ya simuni. Shirika liliombwa litengeneze jedwali lake rasmi lenye kalenda mbili, ya zamani na mpya, na tofauti kwa kila namba. Mkurugenzi wa fedha alisema hakujua kwamba barua ya aya tatu ilikuwa imesogeza maisha ya watu wengi kiasi kile. Nilimwamini. Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya heshima na kulelewa vibaya, yakawa ya nani alipe.

Walikubaliana hivi. Rubani msaidizi ambaye kwa kalenda ya zamani zamu yake imefika, na ambaye amefaulu tathmini ya ukapteni, angelipwa nusu ya tofauti kati ya mshahara wake na wa kapteni mpaka kiti kipatikane. Chama kilidai tofauti yote. Shirika lilianza na robo. Hoja iliyowasogeza ilikuwa rahisi: shirika lilirefusha umri kwa sababu liliwahitaji makapteni, likaokoa gharama za kuwafundisha wapya, na akiba hiyo ilitoka kwenye zamu za watu wanaojulikana kwa namba. Makapteni waliovuka 60 wangebaki na viti na mishahara yao, lakini kwenye kuchagua safari na likizo wangehesabiwa nyuma ya makapteni walio chini ya 60. Wakongwe walilipigia kura wenyewe, likapita kwa tofauti ndogo.

Mwisho, waliotaka kupunguza kuruka wangepewa nafasi za ukufunzi kwenye simuleta.

Matokeo

Ndani ya mwaka mmoja ripoti za wasaidizi zilirudi, zikiwa nyingi kuliko kabla ya barua. Rubani msaidizi wa kisa hiki alianza kulipwa fidia ya zamu, na mwaka uliofuata akaingia kozi kwa sababu shirika liliongeza ndege na makapteni wawili waliondoka kwa hiari. Kapteni alihamia safari fupi kwa ombi lake, akastaafu akiwa na 63. Waliruka pamoja mara kadhaa baada ya upatanisho. Kila mmoja aliniambia kwa wakati wake kwamba hawakuwa marafiki, na kwamba kazi ilikwenda sawasawa.

Nafasi za ukufunzi zilizaa kidonda kipya. Wakongwe walizichukua karibu zote, na wakufunzi wa kati, wenye miaka 40 na kitu, wakajikuta wamefungiwa mlango mwingine. Suala hilo lilichukua miezi mingine kurekebishwa kwa kuweka kiwango cha nafasi kwa kila kundi.

Kapteni wa siku tisa hakurudishwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuitenga hasara na mtu. Kabla ya jedwali rasmi, rubani msaidizi alikuwa na adui mwenye sura, jina na tarehe ya kuzaliwa, na adui huyo alikaa kiti cha kushoto, cha kapteni. Baada ya fidia ya zamu, deni lilihamia kwa aliyelisababisha. Nusu ya tofauti ya mshahara haikulipa miaka iliyopotea, wala hakuna aliyejidanganya hivyo, ila ilikuwa kukiri kwa maandishi kwamba kuna mtu alinyang'anywa kitu.

Kutenganisha ripoti na uongozi nako kulifanya kazi, na sababu yake inajulikana katika usafiri wa anga kwa gharama kubwa. Tenerife, Machi 1977, watu 583 walikufa baada ya kapteni wa KLM, mmoja wa wakufunzi wakuu wa shirika lake, kuanza kuruka wakati ndege nyingine ingali kwenye njia ile ile. Fundi wa ndege, aliyekaa chumba kimoja na marubani, aliuliza kama ndege ile imeshatoka njiani, akajibiwa kwamba imetoka, hakusisitiza. Mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege yalikua kutokana na ajali kama hizo, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa mdogo aweze kumsahihisha mkubwa. Mafunzo hayo hudhani kinachomziba mdogo ni woga au heshima iliyopitiliza. Hapa kilichomziba ni kwamba sahihisho lake lingeonekana lina faida kwake. Hakumwogopa mzee hata kidogo. Aliogopa kuonekana anamsukuma. Sijawahi kukuta zoezi la simuleta linalomwandaa mtu kwa hali hiyo, na naona linahitajika popote orodha imesimama.

Upande wa kapteni ni uleule. Umri ulipogeuzwa hoja ya kisiasa, uchovu wa kawaida wa usiku ukawa siri. Rubani wa miaka 35 anaweza kusema amechoka na neno likapita. Wa 61 alihisi hana ruhusa hiyo. Ndege ile ilikuwa na watu wawili wenye uwezo kamili, na kila mmoja alikuwa na taarifa ambayo mwenzake aliihitaji.

Kilichoshindwa waziwazi ni barua yenyewe. Kupandisha umri hadi 65 kulikuwa uamuzi unaotetewa kisheria na kibinadamu. Julai 2017, katika kesi ya Fries, mahakama ileile ya Ulaya ilikubali kikomo cha 65 kuwa halali, hivyo mstari wenyewe umesimama imara. Kosa lilikuwa kuuchukulia umri na orodha kama mafaili mawili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, angewaambia Ijumaa ileile kwamba ni faili moja.

Kifungu cha kuwahesabu waliovuka 60 nyuma ya wenzao kwenye kuchagua safari nakitilia shaka mpaka leo. Kilipigiwa kura, ndiyo, na kilituliza hasira. Lakini kinaurudisha umri kuwa kigezo, siku mbili tatu baada ya kila mtu kukubaliana kwamba umri haukuwa tatizo. Kapteni mwenye 60 kamili na afya njema anapoteza likizo ya kuchagua kwa sababu ya siku yake ya kuzaliwa tu. Nilipendekeza kila kapteni mwenye uzoefu wa miaka fulani, awe na umri wowote, aachie sehemu ya safari zake bora. Haikupita.

Kuhusu kapteni wa siku tisa, mkataba wa muda maalumu ungeweza kumrudisha bila kugusa namba ya mtu, na ndege kubwa zilikuwa zinamhitaji. Menejimenti ilihofia kwamba wengine waliotoka miezi ya nyuma wangedai vilevile. Huenda wangedai. Walikuwa wachache, na walistahili kusikilizwa mmoja mmoja.

Chama sasa kinataka kifungu kipya: badiliko lolote la umri wa kustaafu litangazwe miezi sita kabla, likiambatana na jedwali la athari kwa kila namba kwenye orodha. Shirika limekubali jedwali, limekataa miezi sita, na mkataba wa sasa unaisha mwakani.